Somo: Kufundisha kwa video bila kuligeuza darasa ukumbi wa sinema

Kosa langu la kwanza: niliwasha video ya dakika 20, nikakaa pembeni kusahihisha madaftari. Darasa lilitulia tuli, nikadhani somo linaingia. Kesho yake nilipouliza, walichokumbuka ni sauti ya msimulizi, basi. Siku hizi nafanya hivi.

1. Anza na swali. Liandike ubaoni kabla ya kuwasha chochote. Ukikosa swali, video hiyo huihitaji.

2. Itazame yote mwenyewe, kisha chagua kipande. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu video za kozi za edX (jukwaa la masomo ya mtandaoni) ulionyesha kwamba watazamaji kwa kawaida hawavuki dakika 6, hata video iwe ndefu vipi. Andika unapoanzia na unapoishia, mfano 1:40 hadi 4:05. YouTube inakuruhusu kunakili linki inayoanzia hapo hapo.

3. Simamisha. Kazi yote iko hapa. Tuseme video inaonyesha jinsi joto linavyosafiri majini: chembe za potasiamu pamanganeti (kemikali inayotia maji rangi ya zambarau) ziko ndani ya bika la maji, chini kabisa, na moto uko upande mmoja. Uzi wa zambarau unaanza kupanda. Simamisha kabla haujafika juu, uwaulize: ukifika juu utaelekea wapi? Kila mmoja achore mshale daftarini. Sasa endelea. Rangi inapokunja na kushuka upande wa pili, utasikia vifutio vikifanya kazi bila wewe kusema neno. Mimi hukirudia kipande hicho sauti ikiwa imezimwa, mwanafunzi mmoja akisimulia. Akikwama, najua pa kurudia.

4. Pima sauti ukiwa nyuma ya darasa, mapema. Mbele husikika vizuri siku zote.

5. Zima, kisha wajibu swali la ubaoni kwa maandishi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, wanafunzi wangu wanalia na bando. Nifanyeje?
Washushe ubora wa picha hadi 240p au 360p. Maelezo watayasikia vilevile. Ila kama kuna hesabu zilizoandikwa kwa herufi ndogo, hapo utawaumiza macho. Wapigie picha ya ubao uwatumie.

Sina kamera nzuri. Niache kurekodi?
Usiache, ndugu yangu. Salman Khan, mwanzilishi wa Khan Academy (tovuti ya masomo ya video), alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake kwa mbali, na video zake zilijulikana kwa mwandiko wa rangi kwenye ubao mweusi na sauti tu, bila sura yake. Shughulikia sauti: funga madirisha, sogea karibu na kipaza sauti.

Nikiwapa waitazame nyumbani, nitajuaje kama wametazama kweli?
Ukiuliza "mmetazama?" wote wataitikia ndiyo. Uliza kitu ambacho hakimo kitabuni: uzi wa zambarau ulianza kupanda upande gani wa bika, kushoto au kulia?