Namna ya Kuandaa na Kunywa Chai ya Kichina kwa Manufaa ya Afya

Chai ya kijani, chai nyeupe, oolong, pu'er na ile chai nyeusi ambayo Wachina wenyewe huiita nyekundu, zote hutokana na mmea mmoja, Camellia sinensis. Kinachozitofautisha ni jinsi majani yanavyoshughulikiwa baada ya kuchumwa. Longjing, chai ya kijani ya Hangzhou, kwa mfano, hukaangwa bila mafuta kwenye karai la moto ili majani yasigeuke rangi, na hivyo hubaki na wingi wa katekini, yaani viambato vya asili vya majani ya chai. Tieguanyin, oolong ya Anxi, mkoani Fujian, huachwa ibadilike kiasi kwa hewa, na pu'er ya Yunnan huachwa ichachuke.

Katekini zina uwezo wa kushusha kidogo lehemu mbaya katika damu, na neno "kidogo" ninalitumia kwa makusudi, kwa kuwa wauzaji wengi huisifu chai kana kwamba ni dawa. Vilevile majani yana theanini, kiambato kingine cha asili, ambayo ikiungana na kafeini humsaidia mnywaji kuwa makini akiwa ametulia. Hata hivyo, faida iliyo wazi kuliko zote ni kwamba chai hii hunywewa bila sukari wala maziwa, kwa hiyo anayeiweka mahali pa soda au juisi ya kopo hupunguza sukari nyingi mwilini kila siku.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumwagia chai ya kijani maji yanayotokota, kisha kuyaacha majani humo hadi kinywaji kiwe kichungu na chenye ukakasi, jambo linalomfanya mtu atafute sukari na kuipoteza faida aliyoikusudia. Chemsha maji, yaache dakika chache birika likiwa wazi hadi yafikie takriban nyuzi 80 za Selsiasi, kisha yamimine juu ya gramu 3 za majani kwa kila mililita 150 au 200. Chuja baada ya dakika mbili, onja, na ukiona ni nyepesi, ongeza muda kidogo safari ijayo. Majani hayo usiyatupe, maana yanafaa kumiminiwa maji mara ya pili na ya tatu.

Oolong huhitaji maji ya nyuzi 90 hadi 95, na pu'er hustahimili maji yanayochemka kabisa, ingawa ni vyema kuisuuza kwanza kwa sekunde chache na kuyamwaga maji hayo. Anayependa gongfu, utaratibu wa Kichina wa kuandaa chai kwa mimimino mingi mifupi, hutumia bakuli dogo lenye kifuniko, liitwalo gaiwan, akaweka gramu 5 hadi 7 kwa mililita 100, na kila mmimino hudumu sekunde 15 hadi 30 tu, hivi kwamba ladha hubadilika kutoka kikombe hadi kikombe.

Usinywe chai ikiwa bado inaunguza. Mwaka 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, hasa ya umio, na hatari hiyo inatokana na joto lenyewe. Aidha, tanini, yaani viambato vinavyoipa chai ukakasi, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokayo kwenye mboga na nafaka, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu asubiri saa moja hivi baada ya kula. Mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, akihesabu pia kahawa na soda, naye anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, azungumze na daktari kabla ya kuanza kunywa chai ya kijani kwa wingi. Vidonge vya dondoo la chai ya kijani ni jambo jingine kabisa: dozi kubwa zimewahi kuwadhuru watu ini, nami sioni sababu ya kuvimeza wakati majani yenyewe yapo.