Duranta ya mbegu: ioteshe, ila mtoto asiionje

Wengi hapa Tabora tunaotesha duranta ya uzio kwa vipande vya matawi. Mbegu nazo zinaota, ila zinataka subira.

Chuma vile vitunda vikishakuwa vya rangi ya chungwa kabisa, vya kijani viache. Vimenye ndani ya kopo bovu lenye maji, usugue mpaka nyama yote itoke, maana ikibaki huoza na kuvuta ukungu. Sio sufuria ya jikoni, tafadhali! Vitunda hivi ni sumu kwa watu, hata mbwa. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, ukimaliza nawa kwa sabuni. Loweka mbegu usiku mmoja.

Mchanga wetu wa hapa hukauka upesi, kwa hiyo changanya na samadi iliyooza vizuri. Jaza kwenye viriba, fukia mbegu juujuu tu, weka chini ya mwembe na nyunyizia kidogo kidogo. Hazichomozi pamoja, nyingine zitakukalia wiki kadhaa, usimwage udongo. Zikianza mapema, miche itakuwa tayari kuhamishwa mvua za Novemba zikishika.

Shida ni kwamba ndege wanavila vitunda hivi bila kudhurika, mtoto akiwaona anadhani ni chakula. Mimi upande wa mlangoni nakata vishada vya maua kabla havijafunga matunda. Uzio unapendeza vilevile. Mtoto akimeza, mkimbize hospitali na ubebe kitawi chenye matunda, daktari aone.