Ukitaka kuona windo, mtazame anayewindwa

Wageni wengi wakiingia mbugani wanamtafuta simba. Wanapekua kila kichaka kwa darubini, wanaulizia kwa kila gari wanalopishana nalo, na jioni wanarudi wamemwona amelala chali kivulini. Simba aliyelala anapendeza kumtazama, lakini hakufundishi anavyopata chakula wala wengine wanavyomkwepa. Kazi yangu ni kuongoza wageni, na ushauri wangu wa kwanza huwa huu: mwache simba, mtafute swala. Swala anamtafuta simba kwa bidii kuliko wewe, maana uhai wake uko hapo.

Chagua kundi moja la swala pala, nyumbu au nyamera, zima injini, kaa nao nusu saa kabla ya kutarajia chochote. Nusu saa hiyo ni ya kujifunza utulivu wao. Mnyama aliyetulia anakula kichwa chini, mkia unafukuza nzi, masikio yanageuka huku na huko, kila moja na upande wake. Wengine wamelala wakicheua. Mara kwa mara mmoja anainua kichwa, anaangaza, kisha anarudi kula. Huo ni ulinzi wa kawaida, na kundi likiwa kubwa kila mmoja hupata muda zaidi wa kula, kwa sababu macho ni mengi.

Ukishaujua utulivu, hofu utaiona bila kuonyeshwa. Masikio yote mawili yanaelekea mbele na kuganda hapo. Taya linasimama katikati ya kutafuna. Nimewaona swala pala waliosimama hivyo kwa muda mrefu, unyasi ukining'inia mdomoni, hawaumezi wala hawautemi. Kisha mmoja anakoroma kwa pua, mguu wa mbele unapiga chini, na miili inageukia upande mmoja. Hapo ndipo uinue darubini. Chagua wanyama watatu waliosimama mbalimbali, fuata pua ya kila mmoja inakoelekea, tazama pale mistari hiyo mitatu inapokutana. Usitafute mnyama mzima. Tafuta ncha ya sikio, mgongo usioendana na nyasi, au mkia unaotikisika mahali pasipo na upepo. Na twiga akikazia macho sehemu moja kwa muda mrefu, mwamini hata kama huoni kitu, kwa sababu yeye anatazama kutoka juu ya nyasi zinazokuziba wewe.

Usishangae ukiona swala tomi hakimbii. Akimwona duma, mara nyingi humsogelea, shingo juu, akamfuata huku akiacha nafasi ya kutosha kukimbia. Duma aliyekwisha kuonekana amepoteza silaha yake kubwa, yaani kushtukiza, na swala anayemfuata anajua alipo. Vilevile nyumbu humwacha simba apite wazi mbele yao, wakijitenga tu kidogo na njia yake. Kinachowatia hofu kweli ni simba aliyeonekana, halafu akapotea.

Masikio yako nayo yafanye kazi. Huko Amboseli, watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walirekodi milio ya tumbili, na mwaka 1980 wakaonyesha kwamba wana mlio wa kutahadharisha kuhusu chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka, kila mmoja na namna yake ya kuitikiwa. Wakisikia wa chui wanakwea mitini. Wakisikia wa tai wanatazama juu au wanakimbilia vichakani. Wa nyoka unawafanya wasimame kwa miguu miwili na kuchungulia nyasi. Huhitaji kuitofautisha milio hiyo kwa sikio. Tazama wanachofanya baada yake. Tumbili wote wakiwa juu mtini na macho chini, kagua vivuli na matawi manene, taratibu, tawi baada ya tawi. Chui nimewapata zaidi kwa njia hii kuliko kwa nyayo.

Sasa mwindaji mwenyewe. Simba hategemei mbio ndefu. Kazi yake ni kunyatia mpaka abakize mita 30 au pungufu, na windo zake nyingi ni za usiku, kwa hiyo mchana utaona sehemu ndogo tu ya maisha yake. Simba jike wakianza kusambaa, macho yote ya garini humfuata aliye karibu. Wewe tazama upande wa pili wa kundi. Philip Stander, katika utafiti wake wa Etosha, Namibia, aliouchapisha mwaka 1992, alionyesha kwamba majike wengi wana nafasi zao za kawaida: wengine huzunguka pembeni, wengine hujilaza katikati wakisubiri mawindo yasukumwe kwao. Aliyetoweka machoni ndiye wa kuhesabu. Na usikate tamaa windo likivunjika, maana simba hushindwa mara nyingi zaidi kuliko anavyofaulu.

Fisi watu wanamdharau, nami nalisikitikia hilo. Mtafiti Hans Kruuk alithibitisha katika miaka ya 1960, Serengeti na Ngorongoro, kwamba fisi madoa anawinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe. Ukimwona anaingia mbio katikati ya nyumbu kisha anasimama, hajashindwa. Anatazama nani anakimbia vibaya. Mbwa mwitu nao huchosha mawindo kwa mbio ndefu za pamoja. Kabla ya kuondoka huamkiana kwa kelele na kupiga chafya, na chafya zikiwa nyingi, washa injini, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kundi litaondoka.

Duma ndiye ningekushauri umsubiri, kwa kuwa anawinda mchana na mahali pa wazi. Hupanda kichuguu, anakaa, anatazama kundi kwa utulivu unaoweza kukuchosha. Akishachagua, kichwa kinashuka usawa wa mabega, hatua zinafupika, na kila swala akiinua uso yeye anaganda, hata kama mguu mmoja uko hewani. Watu humsifia kasi peke yake. Kola, yaani mikanda ya shingoni yenye vipima mwendo, zilizofungwa duma wa Botswana zilipima kasi ya juu ya kilomita 93 kwa saa, kwenye utafiti uliotoka mwaka 2013, lakini windo nyingi zilifanyika kwa kasi ya chini ya hapo. Nguvu yake iko katika kuongeza mwendo ghafla, kufunga breki, na kukata kona.

Na hapo ndipo swala anapopata nafasi yake. Utafiti mwingine wa Botswana, wa mwaka 2018, uliwapima simba na punda milia, duma na swala pala. Wawindaji walizidi mawindo yao kwa asilimia 38 katika kasi, 37 katika kuongeza mwendo, na 72 katika kupunguza mwendo. Kwa hesabu hiyo swala angekwisha zamani. Kinachomwokoa ni kwamba yeye aliye mbele ndiye anayeamua kona iwe wapi, na mwindaji analazimika kuitikia. Akikimbia kwa nguvu zake zote, mwendo wake unatabirika na hawezi tena kukata vizuri. Akibakiza nguvu kidogo anaweza kugeuka dakika ya mwisho. Kwa hiyo mbio zikianza, tazama miguu ya swala, usimtazame duma. Utaona kona ya kwanza, ya pili, vumbi linarushwa pembeni, duma anapitiliza hatua mbili tatu, na mara nyingi hatua hizo ndizo uhai wa swala.

Kuna pia ule mruko wa swala tomi, miguu minne imenyooka, mgongo umepinda, anapaa kana kwamba hana haraka. Unaonekana zaidi mbele ya wanaokimbiza kwa muda mrefu. Ni tangazo: nina nguvu, utajichosha bure. Huko Serengeti imeonekana kwamba mbwa mwitu huwachagua wale wanaoruka mara chache, kwa hiyo tangazo linasomwa. Kila mmoja ana lake: nyati hurudi kumtetea mwenzao, ngiri huingia shimoni kinyumenyume ili meno yabaki mlangoni, punda milia hupiga mateke.

Watoto wana njia mbili. Nyumbu huzaa karibu wote ndani ya wiki chache, ndama wanakuwa wengi kuliko wawindaji wanavyoweza kula, na ndama anasimama dakika chache baada ya kuzaliwa. Swala tomi yeye anaficha. Mama anamlamba mtoto asibaki na harufu, anamwacha amelala bapa kwenye nyasi, kisha analisha mbali kidogo. Ukimwona jike peke yake anayeangalia mara kwa mara sehemu isiyo na kitu, usiende kuchungulia. Bweha wawili wakipita karibu, mmoja humvuta mama amfukuze na mwingine akatafuta mtoto. Gari lako lisiwafanyie kazi hiyo.

Gari pia liegeshwe kwa adabu. Usikae kati ya mwindaji na kundi, wala kati ya kundi na njia yake ya kukimbilia. Duma akianza kukutazama wewe badala ya swala, umesogea mno: rudi nyuma sasa hivi. Baada ya kukamata hubana koo mpaka mnyama afe, kisha hukaa akihema kwa muda kabla ya kula, na fisi wakija anaacha kila kitu. Magari yakimiminika pale, fisi hufuata vumbi.

Ukichelewa windo, tazama juu. Tumbusi wanaozunguka angani kwa utulivu wanapanda tu na hewa ya joto. Wanaoshuka kasi, miguu imening'inia, wana mzoga. Wakitua mitini badala ya ardhini, mwindaji bado yupo juu ya nyama yake, na hapo ndipo uelekeze gari.