Kutafuta maneno ndani ya kurasa za wavuti kwa amri za terminali

Kivinjari kina kisanduku chake cha kutafutia neno, na kwa ukurasa mmoja uliokwisha kufunguliwa kisanduku hicho kinatosha kabisa. Mambo hubadilika unapotaka kujua ni kurasa zipi, katika orodha ndefu, zinazotaja jambo fulani, au unapotaka kompyuta ikague ukurasa uleule kila siku bila wewe kuwapo. Hapo terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ndiyo mahali pake, na programu tatu zinatosha: curl, inayoleta ukurasa kutoka kwenye seva; lynx, inayougeuza kuwa maandishi matupu; na grep, inayotafuta. Kwenye mifumo ya Linux ya Debian na Ubuntu, amri `sudo apt install curl lynx` inamaliza kazi, kwa kuwa grep huwa imo tayari. Kwenye macOS kinachokosekana ni lynx peke yake, nayo hupatikana kwa Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine.

Wengi huiruka lynx na kuunganisha curl na grep moja kwa moja. Njia hiyo hufaulu mara nyingi kiasi cha kumfanya mtu aiamini, na hiyo ndiyo hatari yake. Ken Thompson aliitengeneza grep kwa ajili ya mfumo wa Unix mnamo 1973, kabla ya kuwapo wavuti, na hadi leo programu hiyo inachokitambua ni mistari ya maandishi tu; tagi za HTML, yaani alama kama `<b>` zinazoupanga ukurasa, kwake ni herufi kama herufi nyingine. Tazama kipande hiki cha ukurasa:

```
<p>Toleo <b>jipya</b> la mwongozo
limetolewa; soma haki &amp; wajibu wako.</p>
```

Anayeusoma ukurasa huo katika kivinjari anaona sentensi moja isiyo na mikato. Lakini ukitafuta "toleo jipya", grep haitaona kitu, kwa sababu katikati ya maneno hayo imekaa `<b>`. Ukitafuta "mwongozo limetolewa", haitaona kitu pia, kwa kuwa neno la kwanza liko mwisho wa mstari mmoja na la pili liko mwanzo wa mstari mwingine. "Haki & wajibu" nayo haitapatikana, maana ndani ya faili alama hiyo imeandikwa `&amp;`. Maneno yote yamo, na bado utarudi mikono mitupu bila onyo lolote. Kwa hiyo kanuni ninayoisisitiza ni moja: tafuta katika kile anachokisoma mtu, usitafute katika msimbo wa ukurasa, isipokuwa kama msimbo wenyewe ndio unaoutaka.

Anza kwa kuuhifadhi ukurasa katika faili:

```
curl -sSfL -o ukurasa.html 'https://example.com/habari?id=7&uk=2'
```

Herufi `s` inaizuia curl isionyeshe maendeleo ya upakuaji, `S` inairuhusu iseme pale inapokosea, `L` inaifanya ifuate anwani iliyohamishwa, na `f` inaiamuru ishindwe waziwazi seva inapojibu kwa kosa kama 404 (ukurasa haupo), badala ya kukuhifadhia ukurasa wa kuomba radhi kana kwamba ndio ulioutaka. Usiache alama za nukuu kwenye anwani. Bila hizo, shell, yaani programu inayozisoma amri zako, huichukulia `&` kuwa agizo la kuipeleka amri nyuma ya pazia, na sehemu ya anwani inayofuata hupotea.

Kisha ugeuze ukurasa kuwa maandishi na utafute:

```
lynx -dump -nolist -width=500 -assume_charset=utf-8 \
  -display_charset=utf-8 -stdin < ukurasa.html > ukurasa.txt
grep -in -C 2 'toleo jipya' ukurasa.txt
```

Chaguo la `-width` lina uzito kuliko linavyoonekana. Lynx kwa kawaida hukata mistari kwenye upana wa herufi 80, na kila inapokata, kirai ulichokuwa unakitafuta kinaweza kugawanyika vipande viwili. Upana wa 500 hupunguza sana tatizo hilo, ingawa aya ndefu mno bado itakatwa mahali fulani. Kwa upande wa grep, `-i` haijali herufi kubwa na ndogo, `-n` inataja namba ya mstari, na `-C 2` inakuonyesha mistari miwili ya kabla na ya baada.

Kwa maandishi ya Kiswahili, usikimbilie chaguo la `-w`, linalotaka neno zima. Ukitafuta "soma" bila chaguo hilo utapata pia "anasoma", "kusoma" na "wamesoma", na mara nyingi hizo ndizo unazozihitaji. Ukitaka na "someni" au "somwa", tumia `grep -iE 'som(a|e|wa)'`. Maneno kama "ng'ombe" yana shida yake: baadhi ya waandishi hutumia alama ya ritifaa iliyonyooka na wengine iliyopinda. Andika `'ng.ombe'`, kwa kuwa nukta husimama badala ya herufi yoyote moja.

Kwa kurasa nyingi, weka anwani katika faili la `viungo.txt`, kila moja kwenye mstari wake, kisha:

```
while read -r kiungo; do
  if ! curl -sSfL -o ukurasa.html "$kiungo"; then
    echo "HAUKUFIKA: $kiungo"
  elif lynx -dump -nolist -width=500 -assume_charset=utf-8 \
      -display_charset=utf-8 -stdin < ukurasa.html |
      grep -i 'toleo jipya' > /dev/null; then
    echo "LIMO: $kiungo"
  fi
  sleep 2
done < viungo.txt
```

Sehemu ninayoithamini zaidi hapa ni mstari wa HAUKUFIKA. Grep inapomaliza kazi huirudishia shell namba 0 ikipata na 1 isipopata, lakini haina namna ya kujua kama haikupata kwa sababu neno halimo au kwa sababu ukurasa wenyewe haukufika. Ukiziunganisha programu zote kwa alama ya `|`, inayopeleka matokeo ya programu moja kwa nyingine, bila kuikagua curl kwanza, intaneti ikikatika utaambiwa tu kwamba neno halimo, na utaliamini jibu la uongo. Hiyo `sleep 2` nayo usiiondoe: seva ni ya watu wengine, na maombi mfululizo yanaweza kuilemea au kukufungia mlango.

Zipo kurasa ambazo maandishi yake huletwa na JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, baada ya ukurasa kufunguka. Curl haiendeshi JavaScript, kwa hiyo `ukurasa.txt` hutoka karibu mtupu huku kivinjari kikionyesha makala nzima. Ukiona hivyo, ibadilishe hatua ya kwanza tu:

```
chromium --headless --dump-dom 'https://example.com/habari' > ukurasa.html
```

Amri hii hutumia kivinjari cha Chromium kufungua ukurasa bila dirisha, huendesha JavaScript, na kutoa HTML iliyokwisha kukamilika, nawe unaendelea na lynx na grep kama kawaida. Ni nzito na ya polepole kuliko curl, hivyo itumie kwa kurasa zinazoihitaji tu.