Mafindofindo: kisu au leza? Kwa wazazi wa Bukavu

Kabla ya kubishana kuhusu kifaa, fungua daftari la matibabu uhesabu. Upasuaji unastahili kufikiriwa mtoto akiugua mafindofindo (amidali) mara 7 katika mwaka 1, mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Au akikoroma hadi pumzi inakatika usingizini. Kilimi ni kitu kingine, kiachwe mahali pake.

Kwa kisu, daktari wa ORL (masikio, pua na koo) huvuta findo kwa koleo, hupasua utando wa mbele, hulibandua kwenye msuli na kulikata shinani. Damu hutoka zaidi kwenye meza ya upasuaji, nayo husimamishwa kwa kukandamiza kompresi (kitambaa safi cha hospitali) na kufunga mishipa kwa uzi. Leza, yaani mwale mkali wa mwanga, hukata huku ikiziba mishipa midogo. Mshipa mkubwa bado unataka uzi, na kidonda kilichoungua hupona polepole: mtoto anaweza kumeza vizuri siku za mwanzo, kisha maumivu yakapanda wiki inayofuata.

Hatari ya leza yenyewe ni moto kooni, mwale ukigusa bomba la kupumulia lililojaa oksijeni. Basi uliza: bomba ni la kazi ya leza? Oksijeni itashushwa chini ya asilimia 30? Macho ya mtoto yatafunikwa? Umeme ukikatika, jenereta inawaka baada ya muda gani? Swali hili la mwisho uliza hata kwa kisu, maana mashine ya kunyonya damu nayo inakula umeme. Majibu kuhusu leza yakisitasita, chagua kisu. Mkono uliozoea ni bora kuliko mashine mpya.

Nyumbani, ogopa siku ya 5 hadi ya 10, kwa njia zote mbili. Utando mweupe kooni si usaha; ukibanduka, damu inaweza kuanza. Mtoto anayemeza-meza akiwa amelala huenda anameza damu: mwamshe, mulika koo. Ukiona damu mbichi, hata kijiko kimoja, nenda hospitali usiku huohuo. Aliyetoka kisiwa cha Idjwi abaki kwa ndugu mjini wiki 2, asilazimike kuvuka ziwa gizani na mtoto anayetapika damu.

Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila saa 6, bila kungoja alie. Sirapu ikiwa na miligramu 120 katika mililita 5, mtoto wa kilo 16 anapata mililita 10. Aspirini hapana, kodeini hapana baada ya upasuaji huu kwa walio chini ya miaka 18. Nusu saa baada ya dawa, mpe maji, kisha uji wa masosoma uliopoa.