Chupa zinavuja? Usiwaachie watu wa ubora peke yao

Kiwanda cha mafuta ya kula kikianza kurudishiwa katoni zenye chupa zinazovuja, lawama zote huangukia idara ya ubora. Jamani, wale wanapima tu. Chanzo mara nyingi kiko kwingine. Unda timu ndogo, watu watano au sita: opereta wa mashine ya kufunga vifuniko, fundi wa matengenezo, mtu wa ununuzi, wa stoo, wa ubora na wa mauzo anayepokea malalamiko.

Opereta aitwe wa kwanza, na yule wa zamu ya usiku asisahaulike. Yeye ndiye anayejua kwamba kichwa kimoja cha mashine hulegea ikishapata moto. Mtu wa ununuzi naye atasema kama vifuniko vimebadilishiwa msambazaji. Ford walipoandika utaratibu wao wa kutatua matatizo mwaka 1987, kuunda timu kulitangulia hata kulieleza tatizo lenyewe.

Kutaneni pale pale kwenye mashine, chupa zilizovuja zikiwa mkononi. Awepo pia mwenye mamlaka ya kusimamisha uzalishaji papo hapo, la sivyo mafuta yataendelea kumwagika huku mkisubiri sahihi ya meneja.