Jinsi ya kuwazomea Houston Astros kwa hoja

Kabla hujafungua mdomo dhidi ya timu hii ya besiboli ya Marekani, tofautisha wizi wa ishara na ujanja. Mkimbiaji aliyeko beisi ya pili anaviona vidole vya mdakaji, vinavyomwambia mrushaji arushe mpira wa aina gani. Akimdokezea mwenzake anayepiga kwa macho na mikono yake tu, hajavunja sheria, na ukimzomea utaonekana huujui mchezo. Kosa la Astros mwaka 2017 lilikuwa kamera: picha ilifika kwenye skrini karibu na benchi lao, kisha pipa la taka likagongwa kumdokezea mpigaji. Pigo moja au mawili kwa kawaida yalimaanisha mpira wa kupinda au wa polepole. Kimya, mpira wa kasi.

Basi gonga kama wao: pa-pa, mrushaji akijiandaa, mpira ukiwa bado mkononi. Ukichelewa utani umekufa, kwani pigo la baada ya mpira kuruka halimsaidii mpigaji yeyote. Kugonga kiti kwa kiganja kunatosha. Usirushe kitu uwanjani. Mchezo utasimama na wewe utatolewa.

Visingizio ndivyo vitamu zaidi. Februari 2020 mmiliki wao, Jim Crane, alisema wizi ule haukuathiri mchezo, na punde tu akakana kusema hivyo. Andika kauli hizo pande mbili za bango moja, maneno matano kila upande, herufi nene, ligeuzwe polepole. Wakijibu kwamba kila timu iliiba, wakumbushe faini ya dola milioni 5 waliyotozwa na ligi. Wachezaji waliojiunga baadaye waache, hawakuwepo.